Anti, maharaji anasema nyota yangu itamuua mume wangu

Anti shikamoo,

Naandika nikiwa zamu ya usiku so samahani kama maneno hayajakaa vizuri. Mimi ni binti wa miaka 29, kwetu Muheza, nafanya kazi maabara kwenye hospitali moja hapa Dar. Nina mchumba, ni Mhindi, Mgujarati, dini Mhindu, kazaliwa hapa hapa Dar na Kiswahili anaongea kunizidi mimi nadhani, aliyekuja kutoka India ni babu yake. Tuko pamoja muda mrefu na hajawahi kunificha kwa rafiki zake, ila kwao ndo kanipeleka mwaka huu. Mama yake kanipokea vizuri tu, kanilisha mpaka nikashindwa kusimama, kanionyesha na albamu ya harusi ya kaka yao mkubwa. Nataka kuondoka ndo ananiuliza tarehe yangu ya kuzaliwa, saa na mahali. Mi nikajua bethidei yangu inaandaliwa zawadi, kumbe wapi.

Nikampigia mama Muheza akatafuta kadi ya kliniki, saa imeandikwa 3:20, akapiga picha, nikaituma watsap kwa mama mkwe hivyo hivyo ilivyo.

Baada ya hapo kimya. Kuja kuuliza, mchumba ananiambia mama alituma taarifa kwa maharaji wao, yaani kuhani wao anayeagua nyota, yuko Ahmedabad India, kawatengenezea janmakshar, ndo hiyo chati ya kuzaliwa, ya kwangu na ya kwake wakalinganisha, na majibu si mazuri. Kwanza nina Mangal, yaani Mars yangu iko nyumba ya nane, mwanamke wa hivyo mume wake anakufa mapema. Pili tumepata alama 14 kati ya 36 na inatakiwa 18 kwenda juu, na kwenye kipengele kinaitwa nadi tumepata sifuri kabisa, maana yake watoto wagonjwa au wasizaliwe. Tatu mimi kundi langu ni rakshasa. Nimeingia mtandaoni kutafuta rakshasa ni nini Anti, ni jitu linalokula watu.

Sasa maharaji kasema dawa ipo. Niolewe kwanza na mgomba, au chungu, ibada kamili na mapambo, halafu huo mgomba unakatwa, hapo nakuwa nimeshakuwa mjane na ule mkosi umeisha, ndo niolewe na mtu. Kuna puja, yaani ibada, nyingine tena na pete ya marijani nyekundu, yote kwa pamoja kama milioni mbili na laki tatu, nusu itangulie. Mimi Mlutheri Anti, mama yangu mzee wa kanisa, nianzie wapi kumwambia naolewa na mgomba.

Mchumba ukimuuliza anaamini anasema hajui. Anasema mama yake halali usiku. Anasema hii kitu ina miaka elfu tano, inafundishwa vyuo vikuu India na Mahakama ya Juu kule iliikubali, na kwamba mjomba wake alikufa na miaka 41 na mke wake alikuwa na Mangal hivyo hivyo. Mi nikapakua maapu, moja imesema ninayo Mangal, nyingine imesema sina, ya tatu inataka nilipe kwa dakika niongee na mtaalamu.

Naomba uniambie, kuna ukweli wowote humu? Nikubali hiyo ibada yaishe? Au nimuachie mama yake mwanawe?

Wako, Rakshasa wa Muheza.

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Kabla sijasema lolote, mpigie tena mama yako umuulize swali moja tu: nilivyozaliwa jua lilikuwa limetoka? Kwa sababu nesi wa Muheza anaandika saa kama anavyoisema, na 3:20 kwenye kadi ya kliniki inaweza kabisa kuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Maharaji aliyekaa Ahmedabad hajui saa zetu, yeye akiona 3:20 anaweka kwenye kompyuta saa tisa na dakika ishirini usiku. Hapo tumeshapishana masaa sita, na kwenye fani hii masaa sita ni mengi mno, maana chati yote inaanzia kwenye lagna, yaani ile nyota inayochomoza mashariki dakika unayotoka tumboni, na lagna inabadilika takriban kila masaa mawili. Masaa sita ni nyota tatu. Ukisogeza lagna nyota tatu mbele, nyumba zote, yaani vile vipande kumi na viwili vya chati, zinahesabiwa upya, na ile Mirihi yako iliyokuwa nyumba ya nane inaangukia kama ya tano. Na nyumba ya tano haimo kwenye orodha ya Mangal! Orodha yao ni ya kwanza, ya nne, ya saba, ya nane na ya kumi na mbili, wengine wanaongeza na ya pili. Kwa hiyo huenda unaitwa muuaji kwa sababu ya saa ya Kiswahili, na hata zile apu zako mbili nahisi moja uliiwekea saa hivi nyingine vile, au moja inaihesabu nyumba ya pili nyingine haiihesabu.

Mama akisema ulikuwa usiku wa manane na taa ya chemli, basi kadi iko sawa. Vyovyote iwavyo waambie saa sahihi, kwa sababu ndo kweli yenyewe. Ila usikimbilie kudai chati mpya ukidhani umepona. Siku ukikubali kwamba karatasi ndo imekusafisha, umekubali pia kwamba karatasi inaweza kukuchafua, na sababu za kukuchafua haziishi. Kuna kitu wanaita sade sati, miaka saba na nusu ya sayari ya Zohali kupita jirani na pale mwezi ulipokuwa siku unazaliwa, kipindi cha mikosi kinachoogopwa kweli kweli. Zohali inazunguka anga kwa karibu miaka 30. Piga hesabu mwenyewe, muda wowote ule robo ya watu wote duniani wako ndani ya sade sati. Mumeo akipoteza kazi mwaka wa tatu wa ndoa, itatafutwa na itapatikana.

Wewe ni mtu wa maabara, hii utaielewa haraka kuliko mchumba wako. Nyumba ziko kumi na mbili, zenye Mangal tano, ukiongeza ile ya pili zinakuwa sita. Kipimo kinachotoa pozitivu kwa watu watano mpaka sita katika kila kumi na wawili, na wakati mwingine wanahesabu tena kuanzia kwenye mwezi na tena kuanzia kwenye Zuhura, kwa hiyo wanaokutwa nao wanazidi hata hapo, halafu ukishakutwa nao kuna orodha ndefu ya masharti ya kuufuta, Mirihi ikiwa kwenye nyota yake mwenyewe haidhuru, mwenza naye akiwa na Mangal zinafutana, ukishavuka miaka 28 inapungua nguvu, kipimo cha namna hiyo ungekiingiza kwako maabara? (Na kwa hilo sharti la miaka 28 wewe ulishavuka, mbona maharaji hajalitaja kabla ya kutaja bei.)

Nadi hivyo hivyo. Nadi ziko tatu, ukiwa ya kwako na ya mwenzio ni moja mnapata sifuri kwenye alama nane, kwa hiyo kama theluthi ya wapenzi wote wanaanguka hapo kwa bahati nasibu tu. Na huo urakshasa uliokuliza, makundi ni matatu pia, miungu, watu na rakshasa, na njia ya mwezi angani wameigawa nyota 27, tisa tisa kwa kila kundi. Theluthi ya binadamu ni rakshasa mwanangu, wamo mapadri, wamo wakunga, na ndani ya familia hiyo hiyo ya mchumba wako hawakosi. Halafu kuna kipengele cha varna, yaani tabaka, alama moja tu, kinaangalia mwezi wako uko nyota gani wala hakijali umezaliwa ukoo gani. Ulizia ya kwako, ukute kwenye karatasi ya maharaji wewe wa Muheza ndo Brahmin, tabaka la juu kabisa.

Sasa unauliza kuna ukweli wowote. Upo, ila hauko pale wanapokupeleka. Ile hesabu ya mwezi uko wapi, Mirihi iko wapi, kupatwa kwa jua kutatokea lini, hiyo ni hesabu ya kweli na Wahindi waliifanya kwa ustadi zamani sana. Rahu na Ketu ambazo utasikia zikitajwa kwa hofu ni zile sehemu mbili ambapo njia ya mwezi inakatana na njia ya jua, na kupatwa kunatokea jirani na hapo, hamna uongo. Tatizo ni kale kahatua ka pili, kutoka “Mirihi ilikuwa pale” kuja “kwa hiyo mume atakufa”. Hapo hakuna hesabu, kuna imani, na imani imevalishwa nguo za hesabu ndo maana inatisha.

Na hata hesabu yenyewe wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana. Wanaagua kwa kupima anga kutoka kwenye nyota zilizotulia, sasa mstari wa kuanzia uko wapi ndo ugomvi. Serikali ya India miaka ya 1950 iliunda kamati ya kalenda chini ya mwanasayansi Meghnad Saha, ikachagua kipimo kinachoitwa cha Lahiri, lakini wapo waaguzi wanaotumia cha Raman ambacho kinatofautiana na hicho kwa karibu digrii moja na nusu. Unaona ndogo? Wana mfumo wa kugawa maisha vipindi, jumla miaka 120, Zuhura peke yake ana miaka 20, na hiyo digrii moja na nusu inaweza kuhamisha kipindi cha Zuhura kwa zaidi ya miaka miwili. Mtu anakwambia utaolewa mwakani, jirani yake kwa chati hiyo hiyo anasema bado.

Na wamewahi kupimwa. Pune, mwaka 2008, mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake, akiwemo Narendra Dabholkar yule aliyekuja kuuawa kwa risasi mwaka 2013 kwa ajili ya kupinga ushirikina, walikusanya chati za watoto 100 wanaofanya vizuri sana shuleni na nyingine 100 za watoto wenye ulemavu wa akili. Wakawaita wanajimu, kila mmoja akapewa chati 40 aseme tu huyu ni wa kundi gani. Hakuna kitu kikubwa kwenye maisha ya mtu kama hicho, kama nyota zinaonyesha chochote basi hicho kingeonekana. Waliorudisha majibu walikuwa 27, kwa wastani wakapatia asilimia 46. Ungerusha shilingi ungepata 50. Taasisi moja ilichukua chati zote 200, ikapatia 102.

Haya ya mchumba wako. Vyuo vikuu ni kweli, mamlaka ya vyuo vikuu India iliruhusu masomo hayo mwaka 2001, wanasayansi wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu mwaka 2004 ikakataa kuingilia uamuzi huo wa kielimu. Mahakama haikumweka maharaji kizimbani athibitishe kwamba Mirihi inaua waume. Miaka elfu tano nayo isikutishe. Kweli kuna maandiko ya zamani mno yanayoitwa Vedanga Jyotisha, lakini yale yanahusu kujua siku na saa ya kufanya ibada, ni kalenda. Mambo ya nyota kumi na mbili na nyumba na lagna yaliingia baadaye sana kwa kuchanganyika na Wagiriki, na kuna kitabu cha Kisanskriti cha kale kinaitwa Yavanajataka, Yavana ndo hao Wagiriki. Hawafichi, ni vile tu hayo hayasemwi kwenye video koli ya kuuza puja.

La mjomba linauma na usilijibu kwa hesabu mbele ya mama mkwe, ni kaka yake yule. Ila wewe na mchumba mkiwa peke yenu muulize, wale mashangazi wenye Mangal waliozeeka na waume zao wanatajwa na nani? Mtu akifa chati inafunguliwa, akiishi hakuna anayekumbuka ilikuwa inasemaje. Februari 1962 India nzima ilikesha kwa maombi na mioto ya ibada sababu wanajimu walisema sayari nane kwa hesabu yao zimejipanga nyota moja na dunia inaisha. Haikuisha, na biashara iliendelea wiki iliyofuata kama kawaida. Sri Lanka, Rais Rajapaksa aliitisha uchaguzi miaka miwili kabla ya muda, mnajimu wake kamhakikishia ushindi, Januari 2015 akashindwa.

Usije ukadhani nawacheka Wahindi. Sisi huku pwani hesabu za falaki tunazo, jina la kijana na la mama yake, jina la binti na la mama yake, herufi zinageuzwa namba, unaambiwa nyota haziendani, na wangapi wameachana kwa hilo. Sheikh Yahya Hussein, yule mnajimu wetu, alisikilizwa na nchi nzima na hata viongozi. Kwa hiyo mama mkwe wako ni mama kama wetu tu, anaogopa kumzika mwanae. Hofu yake iheshimu hata kama sababu yake huikubali.

Lakini kuna jambo lazima niliseme na wewe umelizunguka kwenye barua. Wakati mwingine nyota zinatumika kusema hapana ambayo mtu anaona haya kuisema waziwazi. Hatutaki mkwe Mswahili, kusema hivyo ni aibu, Mangal haina aibu. Sijui kama ndivyo ilivyo kwao na wewe usiwahukumu bado, ila kuna namna ya kujua. Yule kaka mkubwa uliyeona albamu yake, chati zake na mkewe zililinganishwa? Walipata ngapi? Kama kulikuwa na dosari, walifanyaje? Ukiambiwa walipata 15, wakatoa sadaka kidogo hekaluni wakaoana, basi unajua kwamba kwa wengine hii ni taratibu na kwako imegeuzwa ukuta. Mwache mchumba ndo aulize, ni kaka yake.

Na huyo mchumba ndo ninayemwangalia zaidi kuliko maharaji. “Sijui” yake inanitia mashaka. Haogopi Mars huyo, anaogopa kumwambia mama yake hapana, na wewe unaachwa ubebe. Mwambie achague neno lake yeye, siyo la chati. Akisema mama nitamuoa huyu, nipe baraka, mama za Kigujarati ni kama mama za Kizigua, watalia wiki mbili halafu watauliza ukumbi uko wapi. Akishindwa kulisema hilo sasa, akija mtoto mgonjwa atasema nini? Hapo ndo swali lako la tatu linajibiwa, na atalijibu yeye, siyo mimi.

Mgomba, hapana. Kwanza wewe ni Mkristo na hiyo ni ibada ya ndoa kamili, utasimama mbele ya moto kusema maneno usiyoyaamini. Lakini hata ungekuwa huna dini ningekwambia hapana, kwa sababu ukikubali kutibiwa umekubali kwamba ulikuwa sumu, na kila atakapopata malaria watu watakuangalia wewe na kuuliza kama ule mgomba ulikatwa vizuri. Mama mkwe akitaka kumwombea mwanae hekaluni, aombe, afunge hata mwezi, hiyo ni haki yake na wewe mshukuru. Na kuna kitu unaweza kumpa kwa moyo mweupe kabisa: achague yeye siku na saa ya harusi kwenye kalenda yao ya panchang. Hakikugharimu chochote, hakikuiti jitu, na ataona hujaja kuvunja nyumba yake.

Hela ya pete na puja usitoe hata kianzio. Milioni mbili na laki tatu ni kodi ya nyumba ya mwaka kwa wengine.

Kuhusu watoto, hapo mama mkwe ana wasiwasi wa maana ila kapeleka kwa mtu asiye na vifaa. Wewe unavyo. Nendeni wote wawili mkapime selimundu, HIV, homa ya ini B na kundi la damu, na kwa upande wake kwa sababu asili yao ni Gujarat mpime na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Wote mkiwa mmebeba selimundu kila ujauzito una uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa, hilo ni jambo la kukaa na kuongea kweli kweli kabla ya kadi za mwaliko, na nadi haiwezi kuwaambia. Majibu mpelekeeni mama mkononi, yamepigwa muhuri, mkae naye mumweleze moja moja. Wamama wanapenda karatasi yenye muhuri.

Hiyo apu ya kulipa kwa dakika ifute leo. Mtu anayelipwa kwa dakika hatakwambia hata siku moja kwamba huna shida.

Anti